Barua ya wazi kwa mkurugenzi wetu: makarani wa hesabu mahotelini tunataka ngazi ya kupanda

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, pamoja na wajumbe wote wa bodi ya kampuni,

Nakala: Wamiliki na mameneja wakuu wa mahoteli, Unguja na Pemba

YAH: MAKARANI WA HESABU KUBAKI CHEO KIMOJA MIAKA NENDA MIAKA RUDI

Assalaam aleikum.

Mheshimiwa, naandika hadharani kwa sababu ndani tumeshaandika na hatukujibiwa. Tulianza kwa mkuu wa uhasibu akasema hilo si lake, lipelekeni rasilimali watu, rasilimali watu wakasema pesa za mafunzo zinatoka kwa mkurugenzi wa fedha, mkurugenzi wa fedha akasema subirini sizoni ya wageni ipite, sizoni ikapita na yeye akaondoka akaja mwengine, na huyo mwengine naye akaanza upya na lile neno la "nipeni muda kwanza niijue nyumba". Barua zote zenye muhuri wa kupokelewa ninazo. Jina la hoteli silitaji, nia yangu si kuichafua nyumba inayonilisha mimi na wanangu, na pia kila nikizungumza na wenzangu wa Nungwi, Kiwengwa, Paje, hata waliopo Pemba, nasikia hadithi ile ile, kinachobadilika ni jina la mwenye hoteli tu.

Kwanza nieleze kazi yenyewe maana naamini hata baadhi ya wajumbe wa bodi hawaijui. Mgeni anamuona wa mapokezi, anamuona mpishi, anamuona anayemtandikia kitanda. Sisi tupo chumba cha nyuma karibu na stoo. Nichukue mfano wa samaki tu. Asubuhi mchuuzi analeta samaki jikoni, mpishi anapima, karatasi inayoandikwa ni ya daftari la skuli, imerowa, imeandikwa "pweza 14, changu 9", haina bei haina tarehe na saini yake ni mkwaruzo. Karatasi hiyo inatua mezani kwangu. Mimi ndo natakiwa nijue 14 ni kilo au ni pweza wa kuhesabu, nimtafute mpishi aliyepima ambaye keshatoka shifti, nilinganishe na daftari la stoo ambalo linasema 12, nimpigie mchuuzi ambaye anaapa kwa Mungu ni 14, halafu nitenganishe samaki wa mgahawa wa wageni na wale wa kantini ya wafanyakazi maana gharama zake haziingii sehemu moja, niandike vocha ya malipo, niambatanishe kile kikaratasi, nitafute saini, niingize kwenye mfumo. Hapo ni samaki peke yake, bado mboga, bado gesi, dizeli ya jenereta, nguo za kufuliwa, makampuni ya watalii yanayodaiwa na yale yanayodai. Mwisho wa mwezi vyote hivyo vikae sawa na taarifa ya benki, ya shilingi na ya dola.

Sasa malalamiko yetu, nitayaweka kwa namba ili asiseme mtu kwamba hatukueleweka.

1. Kazi tunayofanya ni ya mhasibu, cheo na mshahara ni vya karani.

Mkataba wangu unasema karani wa hesabu, "na kazi nyengine atakazopangiwa". Hizo kazi nyengine ndo zimekuwa kazi yenyewe. Hapa Zanzibar hesabu za kodi zina mambo yake, mtu akitoka nje hazijui mpaka afundishwe. Kodi ya mishahara inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT ya ndani, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inakwenda ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo mpaka 2022 ilikuwa ni Bodi ya Mapato, michango ya wafanyakazi inakwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na kila sehemu ina fomu zake, mfumo wake na faini zake ukichelewa. Kiwango cha kawaida cha VAT kwa Bara ni asilimia 18 na kwetu ni 15, kwa hivyo invoisi iliyotoka Dar haisomwi kama invoisi iliyotoka Darajani. Kila akija mkuu mpya wa uhasibu, anayemkalisha chini kumuelekeza yote haya ni karani. Tunafanya kwa moyo mmoja, lakini mheshimiwa niambie, mtu anayemfundisha bosi wake kazi, kwenye karatasi za mshahara anaitwaje?

Na siyo kodi tu. Kuna mwezi hesabu ya sapulaya mmoja ilikataa kukaa, leja yetu, yaani daftari letu la hesabu yake, na taarifa yake zinapishana 18,000. Mkubwa wetu akaamuru vifunguliwe vocha vyote vya mwezi tuanze kimoja kimoja, na siku ya kufunga mwezi imefika. Karani mwenzangu akachukua kikokotoo akagawa 18,000 kwa 9, ikagawanyika bila ya baki, akasema hapa kuna namba imegeuzwa, tafuteni invoisi ambayo tarakimu mbili za jirani zimebadilishana nafasi. Ikapatikana, 864,000 ilikuwa imeingizwa 846,000. Ukigeuza tarakimu mbili zilizofuatana basi tofauti yake lazima igawanyike kwa 9, anayekaa na madaftari anaijua hiyo kama anavyojua jina lake. Mwenzangu huyo ana diploma. Ripoti ya mwezi ilikwenda makao makuu kwa jina la mkubwa, na mwenzangu mpaka leo ni karani, mshahara ule ule wa karani aliyeajiriwa juzi.

2. Hakuna ngazi iliyoandikwa.

Mhudumu wa mgahawa anajua akifanya vizuri atakuwa kiongozi wa zamu, baadaye msimamizi, baadaye meneja wa chakula na vinywaji. Jikoni hivyo hivyo, mapokezi hivyo hivyo. Kwetu sisi kuna karani, halafu kuna mkuu wa uhasibu, katikati hapana kitu, ni ngazi yenye kipago cha chini na cha juu kabisa, vya kati vimeng'olewa. Na si kwamba vyeo vya kati havipo duniani. Kuna mahoteli yana keshia mkuu, yana mkaguzi wa mapato anayepitia mauzo ya usiku, yana wa madeni ya wasambazaji, yana mdhibiti wa gharama anayehesabu stoo na baa, yana mhasibu msaidizi. Kwetu kazi zote hizo zipo na watu wa kuzifanya wapo, ila wote wanaitwa karani.

Nafasi ikitokea juu hatutangaziwi. Tunajua kwamba kulikuwa na nafasi siku mwenye nafasi keshafika na begi lake anaulizia chumba cha kulala wafanyakazi. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mimi sina neno na mtu wa Bara wala Mkenya wala Mhindi, riziki ni ya Mungu na mtu anakwenda inakopatikana, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya kampuni, kwa utulivu akiwa hana haja ya kufanya hivyo. Huyo huyo wakati anaondoka aliandika kwenye karatasi zake za makabidhiano kwamba ndani ya ofisi wapo watu wawili wanaofaa kupandishwa. Karatasi zile zimo kwenye faili, na nafasi yake ilijazwa kutoka nje bila ya hata mmoja wetu kuitwa kwenye intavyuu. Tunachotaka ni kushindanishwa. Tukishindwa kwa haki tutanyamaza.

3. Mitihani ya bodi.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi kwa sababu dawa yake ni rahisi. Njia ya karani kuwa mhasibu kamili Tanzania inajulikana, iko chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Unaanza na cheti cha ufundi wa uhasibu, ATEC ya kwanza na ya pili, halafu ngazi za kitaaluma mpaka unafika ya mwisho ndo unaitwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Mtu hahitaji kuacha kazi, wengi wanasoma usiku na wikiendi na kuna wanaojisomea peke yao. Kinachohitajika ni ada na siku za kukaa kwenye mtihani.

Sasa tazama tarehe. Vipindi vikuu vya mitihani hiyo ni Mei na Novemba. Mei kwetu ni masika, vyumba vitupu, mahoteli mengine yanafunga kabisa yanapaka rangi, wafanyakazi wanalazimishwa kumaliza likizo zao. Novemba ni vuli, wageni wa Julai na Agosti washaondoka na wa Krismasi hawajafika. Yaani ungeambiwa uchague miezi miwili ya kumpa karani ruhusa bila ya hoteli kuumia ungechagua hiyo hiyo. Na bado tunaomba ruhusa tunaambiwa "kuna oditi", tunaomba mwezi mmoja kabla tunajibiwa siku mbili kabla, ada keshalipa mtu mfukoni mwake na haimrudii. Wapo waliokata tamaa, wameacha vitabu kwenye boksi. Wengine wamekwenda mtihanini kwa kukatwa siku zile kwenye mshahara, wakafaulu, wakaleta matokeo rasilimali watu, wakaambiwa hongera, yakawekwa kwenye faili na mshahara haukusogea hata shilingi.

4. Mtu mmoja anashika kila kitu, na paswedi zinatembea.

Hili ni la hatari kwenu kuliko kwetu. Kanuni ya mwanzo kabisa ya uhasibu inasema anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayeandika daftari asiwe ndiye anayelinganisha na benki. Kwetu karani huyo huyo anaandaa vocha, analipa peti kashi, zile pesa taslimu za matumizi madogo madogo, anaingiza kwenye mfumo na mwisho wa mwezi analinganisha benki. Mkaguzi wa nje akija anaandika hilo kwenye barua yake, na menejimenti inajibu kwamba watumishi ni wachache. Juu ya hapo mkubwa akiwa na haraka anaingia kwa paswedi ya karani anarekebisha hesabu anatoka, kwenye mfumo limebaki jina la karani. Pesa ikipotea nani atakayeitwa polisi? Mtu mwaminifu amewekwa mahali ambapo hawezi kuthibitisha uaminifu wake, hiyo si haki.

5. Kufunga mwezi.

Siku za kufunga mwezi tunatoka usiku, basi la wafanyakazi limeshaondoka, mtu anakaa Fuoni au Bububu atajijua mwenyewe atafikaje. Saa za ziada hazilipwi, tunaambiwa ofisi haina ovataimu, ovataimu ni ya jikoni. Malipo ya saa za ziada yamo kwenye Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005, naomba wanasheria wa kampuni waisome kisha watuambie ni wapi palipoandikwa kwamba karani hayumo.

Mheshimiwa, majibu mtakayotupa nayajua kwa sababu tumeshapewa yote kwa mdomo.

Mtasema tukishasoma tutaondoka. Wanaondoka tayari! Kila mwaka kuna karani anakwenda benki, anakwenda serikalini, anakwenda hoteli ya jirani kwa nyongeza ndogo tu, na wanaoondoka ni wale wazuri maana ndio wanaotakiwa. Tupo tayari kusaini kwamba kampuni ikinilipia mtihani nitabaki miaka miwili, nikiondoka kabla narudisha pesa. Hilo tuliliandika wenyewe kwenye barua, halikuulizwa.

Mtasema hali ya biashara. Mwaka 2020 tulielewa. Korona ilipofunga viwanja vya ndege tulikubali nusu mshahara na wengine walikaa nyumbani bila ya kitu, hatukwenda kushtaki. Lakini watalii waliofika Zanzibar 2019 walikuwa 538,000 na kitu, na mwaka 2024 wamepita 736,000, ni takwimu za Serikali hizo si zangu. Na zaidi ya hapo mapato ya hoteli yetu nayaingiza mimi kwa vidole vyangu, sitayasema hapa kwa sababu ni siri ya kazi na naiheshimu, ila msituambie sisi kwamba hakuna pesa ya ada ya mtihani.

Mtasema mfumo mpya wa kompyuta unakuja na utafanya kazi za karani. Ni kweli kuandika namba kunapungua, mauzo ya baa yanaingia yenyewe, risiti za ZRA zinatoka kwenye mfumo, malipo ya serikali yana kontroo namba, namba maalumu ya kulipia. Ndo maana tunataka kusoma! Kompyuta haitajua kama pweza 14 ni kilo au ni vichwa, haitajua kwamba wakala fulani wa safari kila mwaka analipa pungufu akitumaini hatutaona. Anayejua ni mtu, na mtu huyo kazi yake ya kesho ni kuchambua na kukagua, hiyo ndiyo kazi ya mhasibu na ndiyo tunayoomba tuandaliwe.

Mtasema Wazanzibari wenye sifa hawapatikani. Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka kimefundisha uhasibu kabla hata hakijaingizwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu kinafundisha, vijana wanavuka kwenda kusoma Dar na Arusha na wanarudi. Wanakosa sifa moja tu, uzoefu wa nafasi ya juu, na uzoefu huo anaupata aliyepewa nafasi. Vijana wanaokuja kwetu mafunzo ya vitendo wananiuliza, dada, kazi hii ina mbele? Nawajibu ina mbele, na nasema kwa kuamini, maana anayejua leja vizuri anaweza kuwa mhasibu, mkaguzi, mkuu wa fedha, anaweza kwenda benki, kwenye ushirika, kwenye kampuni yoyote inayonunua na kuuza. Halafu wananiuliza, na hapa je? Hapo nageuza mazungumzo, na mimi sipendi kuwa mtu wa kugeuza mazungumzo mbele ya watoto wanaotafuta maisha.

Tunachoomba hakihitaji jengo jipya wala mkopo. Tunaomba muundo wa kazi wa idara ya uhasibu uandikwe, uoneshe vyeo vya kati, sifa za kila cheo na mshahara wake, ubandikwe ukutani kila mtu ausome. Nafasi ikitoka itangazwe ndani wiki mbili kabla ya kutangazwa nje na walioomba waitwe kwenye intavyuu kama watu wengine. Ruhusa yenye malipo kwa siku za mtihani wa NBAA, iombwe mapema na ijibiwe mapema, na kampuni ilipe ada ya mtihani kwa mara ya kwanza, akifeli ajilipie mwenyewe marudio. Anayefaulu ngazi apandishwe kiwango cha mshahara, hata kiwe kidogo, ili aone kwamba vitabu vile vimehesabika. Kila mtu awe na paswedi yake, mkubwa asitumie ya mdogo, na kulinganisha benki kufanywe na mtu asiyeshika pesa. Saa za ziada za kufunga mwezi zilipwe, na gari ya kuturudisha nyumbani ipatikane kwa usiku huo, hasa kwa sisi wanawake.

Kama yote hayawezekani kwa mara moja basi anzeni na lile la mitihani. Mnaweza kuliamua kwenye kikao kimoja.

Tunaomba kikao na wewe mwenyewe, mheshimiwa, si kwa kupitia kwa mtu, kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa. Tutakuja wachache, na mapendekezo ya muundo tumeshayaandaa na gharama zake tumezipiga, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Atakayeuliza nani kaandika barua hii asimtafute wa kumuadhibu, tumekubaliana sote na mimi nimeandika tu kwa niaba. Ikipita hiyo bajeti bila ya jibu la maandishi tutakwenda Kamisheni ya Kazi na nakala za barua zetu zote zenye muhuri, kuanzia ile ya kwanza.

Wako katika kazi,

Karani wa hesabu,
kwa niaba ya makarani wenzangu wa idara ya uhasibu,
Mkoa wa Kaskazini, Unguja